Usimpakate, Mfunge: Vidokezo vya Kiti cha Mtoto Garini

Hapa Pemba, gari ikitoka Gando kwenda Wete na mtoto mchanga ndani, ni kawaida mama kupewa siti ya mbele, pembeni ya dereva. Anapewa kwa heshima, maana ametoka kujifungua au anampeleka mwana kliniki, na kule mbele hakuna kubanana. Kichanga ameviringishwa kanga, amelazwa kifuani, na kila aliyemo garini anaamini hakuna mahali salama zaidi ya hapo. Makala haya yameandikwa kwa sababu ya imani hiyo. Kifua cha mama kinamfaa mtoto nyumbani, barazani, hata kwenye foleni ya chanjo. Gari ikishawashwa, mtoto anahitaji kiti chake.

1. Jua kwa nini mikono haitoshi

Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa ikigonga kitu kisichosogea, aliyemo ndani bila ya kufungwa anapigwa kwa nguvu ya mtu aliyeanguka kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Pemba hakuna asiyejua maana ya kuanguka kutoka mnazini. Na kilomita 50 kwa saa si mwendo wa mbio. Katika lami ya Wete hadi Gando, dereva mwenye haraka huupita bila kujijua.

Chukua mtoto wa kilo 8. Gari yenye mwendo huo ikisimama ghafla kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto yule anamvuta anayempakata kwa uzito wa zaidi ya kilo 100. Hakuna mama, baba wala mjomba mwenye misuli ya kuuzuia uzito huo, tena bila kuonywa, tena mkono mmoja ukiwa umeshika simu au mfuko wa samaki. Mama asiyefunga mkanda naye anarushwa mbele, na mtoto anakuwa katikati ya mwili wa mama yake na dashibodi.

Wengine hufikiri wamepata dawa: mkanda mmoja unazungushwa mama na mtoto pamoja. Hilo ni baya zaidi. Mkanda unamkaba mtoto tumboni huku uzito wote wa mama ukimsukuma kwa nyuma.

2. Mtoto akae nyuma, na mama akae naye

Siti ya mbele iko karibu na kioo na dashibodi, na katika gari nyingi za Kijapani tunazonunua, ina mfuko wa hewa. Tazama dashibodi mbele ya abiria: ukiona herufi SRS AIRBAG, mfuko umo. Unafunguka kwa kishindo ndani ya kufumba na kufumbua, na umeundwa kumpokea mtu mzima aliyefunga mkanda. Ukikipiga kiti cha kichanga kinachotazama nyuma, unakisukuma kwa nguvu kuelekea kwenye kichwa cha mtoto. Watoto wamekufa namna hiyo nchi za nje, katika ajali ndogo ambazo dereva alitoka bila mchubuko.

Basi kiti cha mtoto ni nyuma. Mama akitaka kuwa karibu, akae nyuma naye, na yeye pia afunge mkanda. Heshima ya siti ya mbele apewe babu.

3. Mdogo atazame nyuma ya gari

Hili ndilo linalowashangaza wengi. Mtoto atazame kioo cha nyuma, miguu ielekee kwenye egemeo la siti? Ndiyo, na sababu iko shingoni. Kichwa cha kichanga ni karibu robo ya urefu wa mwili wake, na mifupa ya shingo bado ni laini. Gari ikigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele anazuiliwa kifua na mikanda, lakini kichwa kinaendelea kwenda, na shingo ndiyo inayolipa. Anayetazama nyuma anapokewa mgongo, shingo na kichwa kwa pamoja, na nguvu inatawanyika katika egemeo zima.

Wazo hili lilianzia Sweden miaka ya 1960. Profesa Bertil Aldman aliona jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali wakati chombo kinaruka, migongo ikipokea msukumo wote, akajiuliza kwa nini mtoto asikalishwe hivyo garini. Mwaka 1964 kampuni ya Volvo ikajaribu kiti cha kwanza cha aina hiyo. Mpaka leo Waswidi wengi huwaacha watoto wao wakitazama nyuma hadi miaka 4.

Kanuni mpya ya kimataifa inataka mtoto atazame nyuma angalau hadi afikishe miezi 15. Mimi nasema usiihesabu miezi 15 kuwa ni sherehe ya kumgeuza. Maadamu kiti kinamruhusu kwa uzito na kimo, mwache. Miguu itakunjika, naye hataona tabu: watoto hukaa wamekunja miguu kutwa nzima chuoni.

4. Chagua kwa kilo na kimo, umri uje baadaye

Watoto wawili wa miaka miwili, mmoja wa Gando na mmoja wa Konde, wanaweza kupishana kilo nne. Kadi ya kliniki ina uzito wa mtoto wako, mwezi kwa mwezi. Itoe kabla hujanunua kitu.

Kwa ufupi hatua ni nne. Kwanza kibebeo au kiti kinachotazama nyuma, tangu kuzaliwa. Vingi vinabeba hadi kilo 13, na vingine zaidi ya hapo. Halafu kiti kinachotazama mbele chenye mikanda yake mitano: miwili mabegani, miwili nyongani, mmoja katikati ya mapaja, mara nyingi hadi kilo 18. Kisha kiti cha kunyanyulia, ambacho kazi yake ni kumpandisha mtoto ili mkanda wa gari umkae sawa. Mwisho, mkanda wa gari wenyewe.

Mwenye fedha ya kiti kimoja tu atafute kile kinachogeuka, kinachotazama nyuma mtoto akiwa mdogo na mbele akishakua. Kitamtumikia tangu hospitali hadi karibu na skuli.

5. Usiharakie mkanda wa watu wazima

Mtoto wa darasa la kwanza akishapoteza meno mawili, nyumbani huhesabiwa mkubwa. Mkanda wa gari hauhesabu meno. Ulitengenezwa kwa mtu mzima, na kwa mtoto mfupi unapita shingoni badala ya begani, na tumboni badala ya kwenye mifupa ya nyonga. Ajali ikitokea, tumbo halina mfupa wa kulilinda.

Mpime hivi garini. Mgongo umegusa egemeo? Magoti yamekunjika kwenye ncha ya siti bila yeye kujivuta mbele? Mkanda wa chini umelala juu ya mapaja, kwenye nyonga? Wa juu unapita katikati ya bega na kifua? Anaweza kukaa hivyo safari nzima, hata akisinzia? Jibu moja likiwa hapana, bado anahitaji kiti cha kunyanyulia. Watoto wengi hufaulu wakikaribia sentimita 145 au 150. Uingereza sheria inataka kiti hadi mtoto afike sentimita 135 au miaka 12, kinachotangulia.

6. Soma lebo kabla ya kupenda rangi

Kiti kilichopimwa kina lebo iliyobanwa au kushonwa, mara nyingi ya rangi ya chungwa au nyeupe, yenye herufi E ndani ya duara na namba pembeni. Juu au chini yake utaona ECE R44 au UN R129. R44 ni kanuni ya zamani, inayopanga viti kwa kilo. R129 ni mpya zaidi: inapanga kwa kimo, na inataka kiti kipimwe pia kwa kugongwa ubavuni. Kiti cha Marekani hakina E. Kina maandishi yanayotaja FMVSS 213. Kisichokuwa na alama yoyote kiache dukani.

Kuna vitu vinauzwa mitandaoni kwa jina la kiti cha mtoto, na ukivishika unagundua ni godoro jembamba lenye vitambaa vya kufungia. Vinakunjika hadi kuingia mkobani na bei yake inapendeza. Ndani hamna gamba gumu la kuzuia chochote. Usivinunue, na ukiletewa zawadi, shukuru halafu uvitumie kukalia bustanini.

7. Kiti kutoka kwa jamaa: pokea, lakini uliza

Pemba haina maduka mengi ya vitu hivi, na viti vingi nilivyoviona huku vilikuja na watu. Kuna shangazi wa Muscat, ami wa Dubai, kaka aliyeko London. Wao kule hawana hiari. Falme za Kiarabu zililazimisha mwaka 2017 kiti kwa mtoto hadi miaka minne, na faini ya dirhamu 400 kwa anayekaidi. Oman nayo ikafuata mwaka 2018. Kwa hiyo mtoto wa jamaa yako akishakua, kiti kipo ghalani kinavuta vumbi. Mwombe. Hakuna zawadi bora ya arobaini.

Ila kabla hajakitia kwenye mzigo, mpigie simu umuulize bila ya haya. Kimewahi kuwemo garini wakati wa ajali, hata ndogo? Kama ndiyo, kiti kimekufa. Plastiki inaweza kuwa na ufa usioonekana. Kilitengenezwa lini? Tarehe imegongwa chini au nyuma ya gamba, na viti vingi vina muda wa kati ya miaka 6 na 10, maana joto na jua huifanya plastiki kuwa kavu na rahisi kuvunjika. Mikanda haijakatwa, haijachanika, haijafuliwa kwa dawa kali? Kifungio kinalia "kla" kikiingia? Kitabu cha maelekezo kipo? Kama kimepotea, akupigie picha lebo yenye jina na namba ya kiti, utakipata kitabu chake intaneti.

Kiti cha mtumba usichomjua mwenyewe sikishauri. Muuzaji wa mitumba hajui kimepita wapi, na wewe hutajua.

8. Ikague gari yako kwanza

Nenda kwenye gari ukakague siti ya nyuma. Mikanda ipo? Mara nyingi ipo, lakini imezikwa chini ya kava za siti zilizovishwa siku gari iliponunuliwa. Nimeziona Vitz na Probox nyingi zenye kava nzuri za ngozi bandia, na vifungio vya mikanda viko chini yake havijaona mwanga tangu bandarini. Vifukue. Kata tundu kwenye kava kama hakuna njia nyingine, kava inanunulika.

Halafu tazama kila mkanda ni wa aina gani. Unaopita begani na kiunoni unafaa kwa viti karibu vyote. Wa kiunoni tu, kama ulivyo katikati ya baadhi ya Noah na gari za zamani, hauwezi kutumika na kiti cha kunyanyulia, kwa sababu hakuna cha kukizuia kifua cha mtoto.

Ingiza vidole kwenye mwanya kati ya kalio na egemeo la siti ya nyuma. Ukigusa vyuma viwili vilivyopinda, gari ina ISOFIX, na kiti chenye miguu ya aina hiyo kitachomekwa moja kwa moja. Japan iliifanya lazima kwa gari mpya tangu 2012, kwa hiyo gari ya zamani zaidi inaweza isiwe nayo. Hilo si tatizo, maana mkanda ukifungwa sawasawa unashika vizuri vilevile.

9. Kukifunga kiti: hapa ndipo wengi wanapokosea

Nasisitiza kidokezo hiki kuliko vyote, maana kiti kizuri kilichofungwa vibaya kinakuhadaa. Siku ya kwanza jipe nusu saa, gari ikiwa imesimama kivulini, mtoto akiwa amelala ndani ya nyumba.

Weka kiti. Pitisha mkanda wa gari pale tu palipoonyeshwa: njia ya buluu ni ya kutazama nyuma, nyekundu ni ya kutazama mbele, katika viti vingi vya Ulaya. Fungia. Sasa panda juu ya kiti kwa goti au kwa mkono ulionyooka, sukuma chini kwa uzito wako, na wakati huohuo uvute ule mkanda wa juu kuondoa ulegevu wote. Katika baadhi ya gari za Kijapani ukiuvuta mkanda mpaka mwisho wake kisha ukauachia, unarudi ndani kidogo kidogo huku ukilia kiki-kiki na hautoki tena. Hiyo ni kufuli iliyowekwa kwa ajili ya viti vya watoto hasa. Itumie.

Ukimaliza, kishike kiti pale mkanda unapopita, ukitikise kushoto na kulia. Kikisogea zaidi ya sentimita 2 na nusu, bado. Anza tena. Kama kiti kina mkanda wa juu wa kufungia nyuma ya siti au mguu wa kusimama sakafuni, navyo vifungwe. Havikuwekwa kwa pambo.

Kwa kichanga tazama pia mlalo. Kichwa kisidondoke mbele hadi kidevu kikaguse kifua, kwani njia ya pumzi ya mtoto mdogo huzibika hivyo kimyakimya. Vibebeo vingi vina alama pembeni ya kuonyesha mlalo sahihi, na alama hiyo isomwe gari ikiwa mahali tambarare. Vilima vya Pemba vitakudanganya.

10. Kumfunga mtoto: kanga mwisho

Mtoto wetu hatoki nyumbani bila ya kuviringishwa. Lakini kitambaa kinene kati ya mtoto na mikanda ni ulegevu uliofichwa: ajali ikitokea kitambaa kinabonyea, mikanda inabaki imelegea, mtoto anachomoka. Basi mfungue kanga, mwache na nguo yake nyepesi, mikono na miguu ikiwa huru. Mfunge. Kisha mfunike kanga juu ya mikanda. Bibi atafurahi, na mtoto atakuwa salama.

Mikanda ya mabegani itoke kwenye matundu yaliyo sawa na mabega au chini yake kidogo kama anatazama nyuma. Sawa au juu kidogo kama anatazama mbele. Ivute mpaka ukijaribu kuufinya mkanda begani kwa vidole viwili, ushindwe kupata cha kufinya. Isijipinde. Kama kuna kibanio cha kifuani, kama ilivyo kwenye viti vya Marekani, kikae usawa wa makwapa.

Akikua kidogo atajifunza kujitoa mikono. Kagua kila mara.

11. Jua letu

Gari ikiachwa juani dakika 10, joto la ndani linaweza kupanda nyuzi 10 juu ya lile la nje, na mwili wa mtoto unapata joto mara tatu hadi tano kwa kasi kuliko wa mtu mzima. Usimwache mtoto ndani, hata kwa kushuka kununua pweza tu, hata vioo vikiwa wazi, hata akiwa amelala vizuri na unaona huruma kumwamsha.

Kiti chenyewe kifunike kwa kanga ya rangi nyeupe gari inapoegeshwa. Kabla ya kumkalisha, kiguse kifungio kwa mkono wako. Chuma kilichokaa juani kinaunguza.

12. Kichanga asikae kitini muda mrefu

Wiki za mwanzo, nusu saa kwa mkupuo inatosha. Mtoto mkubwa kidogo, asizidi saa mbili. Gando hadi hospitali ya Wete hakuna tabu. Ukienda Abdalla Mzee, Mkoani, unakivuka karibu kisiwa chote, kwa hiyo simama Chake, mtoe, mnyonyeshe, mnyooshe mgongo. Usimnyonyeshe gari ikiwa inakwenda. Na mkifika nyumbani mtoe kitini akalale kitandani. Kiti cha gari si kitanda.

13. Daladala na bodaboda

Wengi wetu hatuna gari. Tunapanda daladala isiyo na mikanda, na makala yanayojifanya hayalijui hilo hayatusaidii.

Kwenye daladala, kaa katikati, mbali na mlango na mbali na kioo cha mbele. Mtoto mkubwa akae mahali pake, upande wa ndani, asisimame baina ya siti. Kichanga mfunge kifuani kwa mbeleko: haitamlinda kwenye mgongano mkubwa, lakini kwenye breki ya ghafla hatachomoka mikononi. Na tumia mdomo wako. Shirika la Afya Duniani linasema mwendo wa wastani ukipanda kwa asilimia 1 tu, hatari ya ajali ya kuua inapanda kwa asilimia 4. Mama mmoja akisema "dereva, taratibu, nina mtoto", konda anaweza kununa. Watatu wakisema, dereva hupunguza.

Mkikodi gari ya familia kwenda kumchukua mzazi hospitali au kumpokea mgeni uwanja wa ndege wa Chake, hapo una sauti. Chagua yenye mikanda ya nyuma, uende na kiti chako.

Bodaboda kichanga asipande. Hakuna kiti cha kumfunga, na hakuna kofia ya kichwa kidogo kama kile. Na nyuma ya kirikuu, juu ya magunia ya karafuu, si mahali pa mtoto, hata kama ni kutoka shambani hadi barabara kuu.

14. Sikukuu na harusi

Idi mosi, gari ya watu watano inatoka kijijini na watoto tisa kuelekea viwanja vya Tibirinzi. Najua furaha ile, na sitaki kuiondoa. Panga safari mbili: wadogo wenye viti waende mwanzo, wakubwa wafuate. Mafuta ya safari ya pili wachangie wajomba, ndiyo siku yao.

Kwenye msafara wa harusi honi zinalia na watoto wanatoa vichwa dirishani, wengine wamesimama juu ya siti. Anayeongoza msafara ndiye wa kukataza, kabla gari hazijaondoka. Zikishaondoka hakuna anayesikia.

15. Akilia

Atalia. Wiki ya kwanza huenda akalia kutoka Gando hadi mwisho wa safari, na kwa mama hakuna kelele inayochoma kama ile. Nyumbani kutakuwa na mwenye kusema unamtesa mtoto, umemfunga kwa uzungu. Usibishane garini. Kiweke kiti sebuleni siku chache kabla, mtoto akikalie, akichezee, amwone kaka yake amekikalia. Mpe safari fupi fupi. Mwimbie. Usimtoe gari ikiwa inakwenda hata mara moja, kwani atakachojifunza ni kwamba akilia sana hutolewa. Simama pembeni, mbembeleze, mrudishe.

Na sisi wakubwa tufunge yetu, kila safari, mbele na nyuma. Mtoto anayemwona baba yake anafunga mkanda kwenda dukani hatauona mkanda kuwa ni adhabu.

16. Usingoje trafiki

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania Bara ni ya mwaka 1973, na kwa miaka mingi watetezi wa usalama barabarani, wakiwemo wanasheria wanawake wa TAWLA, wamedai irekebishwe, kiti cha mtoto kikiwa mojawapo ya madai. Zanzibar ina sheria zake. Nazitaka sheria hizo na ninaamini zitakuja. Lakini mtoto aliyezaliwa mwezi huu hawezi kungoja Baraza la Wawakilishi.

Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander ilizama ikija Pemba, na hakuna shehia ya kisiwa hiki isiyojua msiba ule. Baada yake tuliuliza kwa uchungu: maboya yalikuwa wapi, nani aliruhusu watu wote wale kupanda? Yalikuwa maswali ya haki. Tuyaulize garini pia, na humo jibu liko mikononi mwetu zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kiti sahihi kinapunguza vifo vya watoto garini kwa angalau asilimia 60, na ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani.

17. Kiti kimoja, familia tatu

Kiti ni ghali, na mtoto hukizidi haraka. Vikundi vya kina mama vya kuweka na kukopa, ambavyo Pemba vimejaa, vinaweza kununua vibebeo viwili vya vichanga na kuazimishana: familia inachukua kimoja kwa ajili ya kutoka hospitali na safari za kliniki, inakirudisha kikiwa safi. Awepo mtu mmoja wa kukitunza na daftari lenye tarehe kilipotengenezwa, nani amekichukua, na kama gari yake ilipata mgongano wowote. Mkunga au mhudumu wa afya wa shehia akifundishwa mara moja namna ya kukifunga, atawafundisha wengine.

18. Kiti kilichopata ajali kiharibu

Kimefanya kazi yake, na hakitaifanya tena. Usikiuze, usikitoe sadaka, usikiache jaani kizima, kwa sababu kesho kitaokotwa, kitafutwa vumbi na kuwekwa mtoto wa mtu. Kata mikanda yote kwa kisu, vua kitambaa, na andika kwenye gamba kwa wino mzito: KIMEPATA AJALI, KISITUMIKE.